Mama Aliomba Iwe Bangi

Wapendwa, hamjambo. Mama yangu ameketi pale nyuma, yule wa kitambaa cha kijani, kwa hivyo nikidanganya atanirekebisha. Hii si mara yangu ya kwanza kutoa ushuhuda. Ule wa kwanza niliutoa kanisani, nikapigiwa makofi, na karibu uniue.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti huko Kiplombe, na naishi na mama mtaani Kimumu. Bangi nilivuta na wenzangu tukimaliza kazi. Sitawaficha, niliipenda. Halafu sauti zikaanza. Kwanza zilikuwa zinaniita jina tu. Nazima mashine, nageuka, hakuna mtu. Baadaye zikaanza matusi. Zikaniambia yule aliye jikoni si mama yangu, ni mtu amevaa sura yake, na chakula chake kina sumu. Ndugu zangu, nilikataa kula kwa mkono wa mama. Alikuwa anaonja ugali mbele yangu huku analia, na mimi namwangalia tu kama mwizi.

Majirani wote walisema ni bangi. Wangesema nini, si walikuwa wananiona nikivuta? Nikalazwa, nikapewa dawa, na bangi nikaacha kabisa. Sauti zikanyamaza. Aki mama alifurahi! Tukafanya ibada ya shukrani, nikasimama nikasema Mungu amenitoa kwa bangi. Mjomba akachukua maiki, akasema, "Huyu sasa ni mzima. Dawa za wagonjwa ni za nini tena?" Kanisa likashangilia. Siku hiyo hiyo nikaweka tembe kando.

Kumbe ni zile dawa ndizo zilikuwa zimenyamazisha sauti.

Zilirudi na hasira, zikakaa miezi. Bangi sikuwa nimegusa, lakini nani angeniamini? Mjomba alikuwa ananipekua mifuko na kunusa mashati. Asubuhi moja nikatoka bila viatu nikashika njia ya Kaptagat, kwa sababu sauti zilisema mama wa kweli amefichwa msituni. Wakimbiaji wa mazoezi ndio walinipata huko, nimelowa, nyayo zimechanika, naita mama. Wangeweza kunipita. Mmoja akavua jaketi lake akanifunika, wakakaa nami mpaka gari ikapatikana.

Hospitalini wakapima mkojo. Daktari akatuambia hakuna bangi. Mama akamshika mkono.

"Daktari, pima tena. Labda anatuficha."

"Mama, mkojo hauna kitu."

"Nakuomba, pima tena."

Mnaelewa? Mama yangu alikuwa anaomba wapate bangi. Bangi mtu anaweza kuacha.

Daktari akaketi nasi. Akasema bangi peke yake inaweza kuleta sauti, na kwa wengi zinaisha ikishatoka mwilini. Kwa jamaa wa kitanda kilichokuwa kando ya changu ilikuwa hivyo. Alisikia kama mimi, aliogopa kama mimi, ukituangalia huwezi kututofautisha. Yeye aliacha bangi, sauti zikaisha, na hata alipomaliza dawa hazikurudi. Zangu zilirudi bila bangi na hazikutoka. Hapo ndipo walipojua ni skizofrenia, ugonjwa wa akili wenyewe. Kama bangi ndiyo iliyoiamsha, daktari alisema wazi kwamba hajui. Niliumia, wapendwa. Nilitamani sana kuwa mlevi wa bangi tu.

Leo nachomwa sindano kila mwezi, nimerudi kwa mageti, na ugali wa mama nakula. Nawashukuru wale wakimbiaji, hata majina sikuwauliza. Namshukuru daktari aliyekubali kusema hajui. Mama, asante. Ulikaa na mtu aliyekuita mgeni ndani ya nyumba yako. Mjomba nilishamsamehe, alisherehekea mapema tu.

Nawaambia hivi: mtu wenu akiacha bangi, furahini naye, lakini dawa asiache mpaka daktari aseme. Na akiwaambia bado anasikia, msikimbilie mifuko yake. Mrudisheni hospitali.

Sijapona yote. Hata sasa kuna sauti moja naisikia, chini chini. Inasema hivi viti havina watu, naongea peke yangu. Nawaomba mnijibu. Mko?