Nakala ya Mwalimu Ngatia: Kumuaga Bi. Wachuka

Bi. Wachuka Kinyua anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, baada ya kuitumikia maktaba ya shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja mwaka wa 1994 kushikilia nafasi ya mtu kwa miezi mitatu. Mtu huyo hajarudi mpaka leo.

Mwaka mmoja paa la maktaba lilivuja Aprili nzima. Bi. Wachuka akaenda Wang'uru kwa dada yake, akarudi na magunia matupu ya mchele, akafunika rafu zote. Kamusi zetu zilinukia mchele wa pishori muhula mzima, wasichana wakalalamika kwamba wakitafuta maana ya neno wanashikwa na njaa. Mwaka mwingine alimfuata msichana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne hadi sokoni Kagio kwa sababu ya riwaya moja ambayo haikuwa imerudishwa. Alirudi na riwaya, na juu yake kreti ya nyanya aliyopewa na mama wa msichana kwa kuona haya.

Lakini kazi yake kubwa haimo kwenye faili. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikaa na wasichana kwenye mabenchi nyuma ya rafu, wakasoma riwaya na kubishana kuhusu wahusika. Hakuwaambia huyu ni mwema na yule ni mbaya. Aliwauliza nani anamwogopa nani, na ni ukurasa gani unaoonyesha hivyo.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, Ngatia, mwalimu wa fasihi, na mnivumilie kwa sababu nina aibu. Kamati ya kumuaga ilinipa wasifu huu niuandike ikidhani kwamba hapa shuleni mimi ndiye mtu wa vitabu.

Tangu 2019 nimefundisha kidato cha pili riwaya ya vijana kuhusu msichana ambaye baba yake ni mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, na marehemu mama yake alikuwa wa huku mlimani. Kwa baba anaitwa Saida, kwa nyanya yake anaitwa Wangeci, naye hajui yeye ni nani hasa. Riwaya hiyo nimeifundisha miaka yote hii bila kuisoma. Nilikuwa na mwongozo, kile kijitabu chembamba chenye muhtasari na orodha ya sifa za wahusika. Mwongozo unasema mama wa kambo, Bi Habiba, ni katili, mbinafsi na mwenye wivu, kwa kuwa anaficha barua iliyotoka kwa nyanya. Nilinakili maneno hayo ubaoni kila mwaka.

Mwaka juzi Nasro, aliyekuwa kidato cha pili, aliandika insha akisema Bi Habiba si katili, bali ana hofu kwa ajili ya mtoto. Akaongeza kwamba katika riwaya nzima ni yeye peke yake anayemwita msichana yule kwa majina yake yote mawili. Nilimpa alama nne kwa ishirini. Kisha, na hili ndilo linaloniuma, niliisoma insha yake mbele ya darasa kwa sauti ya mzaha, wenzake wakacheka. Nasro akasimama.

"Mwalimu, mimi niko na mama wa kambo. Lakini hiyo sikutoa kwetu, iko kwa kitabu."

Nikamwambia akae chini.

Nilipojua kwamba hoja hiyo ilizungumzwa maktabani, nilimwandikia mwalimu mkuu barua nikisema karani wa maktaba anaingilia ufundishaji na kuwapotosha wanafunzi. Kikao cha Ijumaa kikapigwa marufuku. Bi. Wachuka aliyabeba mabenchi yale mwenyewe hadi bwaloni, na aliponipita akanisalimu kama kawaida. Mimi nikajiona nimeshinda.

Mwezi uliopita, akijiandaa kukabidhi maktaba, alikuja kwenye meza yangu na riwaya ile, jalada likiwa bado linang'aa, ndani yake kipande cha karatasi chenye jina langu.

"Mwalimu, hii kitabu yako iko kwa droo yangu tangu 2019," alisema polepole, wengine wasisikie. "Utachukua, ama niandike ilipotea?"

Nikaichukua. Siku ya barua yangu angeweza kuingia ofisini na nakala hiyo, nami ningeumbuka mchana kweupe.

Niliisoma kwa siku mbili. Katika sura ya tisa barua ya nyanya inafunguliwa, na inasema kwao hawamtaki msichana. Bi Habiba aliificha mtoto asijue amekataliwa, akakubali kuchukiwa naye miaka mitatu. Nilimwomba Nasro msamaha mbele ya darasa lake, ambalo sasa ni kidato cha nne, nikaisahihisha insha upya na kumpa kumi na saba. Akaniuliza, "Na hizo tatu zimeenda wapi?" Barua yangu kwa mwalimu mkuu nimeiondoa, na kikao cha Ijumaa kimerudi.

Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Mutahi, aliona maneno haya hayafai kusomwa mbele ya wageni. Nikampelekea Bi. Wachuka aamue mwenyewe. Alisoma hadi mwisho, akavua miwani. Nilingoja aniambie nifute.

"Wacha hivyo," alisema. "Lakini andika na yangu. Mimi nilijua miaka hiyo yote nikanyamaza, ati nisikuaibishe. Na hao watoto wote walipita hapo wakiandika uongo. Si ni mimi pia niliwakosea?"

Nilimsihi tuliache hilo. Alikataa, kwa hiyo nimeliandika kama alivyosema.

Bi. Wachuka, tunakushukuru kwa miaka yote thelathini na mmoja. Tunakuombea afya njema, mvua ya kutosha shambani kwako Giakanja, na siku nyingi za raha na wajukuu.

Na ninyi wasichana wa madarasa yale yote, popote mlipo, haya tunayasema mimi na yeye pamoja: Bi Habiba alimpenda yule mtoto. Tusameheni.