Uzi Mwekundu wa Blanketi

Basi la Taveta lilipotoka Voi, Mzee Sylus alifungua gazeti, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Wanawake wawili waliokutana humo humo walikuwa wametandaza magotini blanketi la mtoto la vipande vya vitambaa, ambalo tabaka zake zilingoja kushonwa zishikane.

"Chukua huu wa rangi ya maziwa, dadangu," alisema Bi Mwanatumu, akilaza uzi mmoja juu ya kitambaa, maana ukiwa umezungushwa kwenye rili yake hudanganya macho. "Utazama usionekane. Mwekundu utaonyesha kila mahali mkono ulipoteleza."

"Ndivyo nitakavyo," akajibu Wakesho. "Mjukuu yuko Kanada, sijampakata hata siku moja. Nikiuficha uzi, atajuaje kuna mkono uliopita hapa?"

"Na ukichuja? Mkweo atalitandikia mbwa."

"Basi mbwa naye atajua lina mwenyewe."

Wakacheka. Mzee Sylus, aliyekuwa na maoni juu ya kila jambo tangu amalize masomo ya jioni, alikohoa ili aulizwe. Bi Mwanatumu akageuka, akaona kifungo cha shati lake jeusi kimeshonwa kwa uzi mweupe.

"Na hicho, mzee, umeshonewa na nani?"

"Nimejishonea," alisema, akakifunika kwa kiganja. "Mwaka wa tatu sasa tangu nibaki peke yangu."

Basi likasimama Bura. Wakesho akakunja blanketi lake, akashuka na rili zote mbili mkononi. Mzee hakuondoa kiganja hadi Taveta, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama.