Papa Gracien na Kulasi ya Gari la Maman Djamila

Baada ya miaka thelathini na sita katika garaji yetu ya Ibanda, Papa Gracien Bahizire anastaafu tarehe 30 Juni. Muda wote huo hajakosea hata mara moja. Tunajua hivyo kwa sababu mwenyewe ametuambia, karibu kila asubuhi, kabla ya chai.

Aliingia kama mwosha vipuri, akapanda hadi fundi mkuu wa injini. Cheo cha mwalimu wetu sote alijipa mwenyewe, bila kuusumbua uongozi. Sifa yake kubwa ni kutambua aina ya kulasi, lile pande la chuma linalofunika silinda, katika magari ya kizamani. Fundi wa kawaida hufungua injini akatazama. Papa Gracien hakuhitaji mambo hayo.

Mwaka jana Maman Djamila, mjane wa mfanyabiashara Idrissa, alituletea gari la marehemu, lenye umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mjukuu wake alitaka kulipanda siku ya arusi yake, wiki mbili mbele. Kwa moshi wake mweupe tulijua joint ya kulasi, ile gasketi inayoziba kati yake na silinda, imeungua, na kapo, boneti ya injini, limeshikwa na kutu. Hata nyundo hatujaipata, Papa Gracien alilizunguka gari, akatoa hukumu: magari ya umri huu valvu zake ziko chini, ubavuni mwa silinda, na kulasi ni bapa kama kifuniko cha sufuria. Chef Fabien, mkuu wa garaji, akaagiza joint ya aina hiyo kutoka Kampala. Sisi tukapewa somo la bure, asubuhi nzima, tukiwa tumesimama.

Joint ilifika Alhamisi, siku mbili kabla ya arusi, na siku hiyohiyo kapo likakubali kufunguka. Buji, zile plagi za kuwashia, zilikuwa ubavuni, bomba la moshi limefungwa kwenye kulasi yenyewe, na valvu zote ziko juu. Joint ya Kampala haikufaa hata kuwekea kikombe.

“Ni gari ndiyo imekosea,” akasema Papa Gracien.

Kisha akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alinawa mikono, akaenda nyumbani kwa Maman Djamila.

“Maman, nilikosea. Injini haiko ile nilisema.”

Maman akacheka hadi mtandio ukamwanguka. “Idrissa alitiaka ndani injini ya camion, ya lori kabisa, zamani sana. Mimi nilijua. Nani aliniuliza?”

Papa Gracien alirudi garajini. Akakata joint mpya kwa mkono kutoka bati la shaba, akigonga kingo polepole, na chakula akakikataa. Alikuwa na hofu, na kwa mara ya kwanza hatukuthubutu kumtania.

Jumamosi gari lilimfikisha bibi arusi hadi Mudaka bila kukohoa. Papa Gracien alilifuata kwa pikipiki, mfuko wa vifaa mgongoni, akingoja lizime. Halikuzima. Alikunywa soda ya maharusi akiwa bado ameshika spana.

Asante, Papa Gracien, kwa kila injini uliyoifufua na kila somo ambalo hatukuliomba. Upumzike vizuri, ule ushibe, na mkeo Maman Emérence akuvumilie nyumbani kama tulivyokuvumilia sisi. Hapa kutakuwa na utulivu, na hatujui tutaufanyia nini.