Mkanda wa Saba Haukuibwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwongozaji wetu wa filamu za uhalifu, uliyekubali kuketi kiti cha mbele ingawa uliambiwa msemaji ni mimi. Ndugu Meneja wa ukumbi huu. Mzee wetu tunayekuaga leo, fundi wa mashine ya sinema, ambaye sote tunakuita Dirisha, na ambaye hata siku yako mwenyewe umekataa kushuka ukabaki huko juu kwenye chumba chako cha mashine. Wanachama wa Chama cha Mashabiki, wa kweli na mliofuata soda. Mabibi na mabwana.

Nimeombwa niseme maneno mawili matatu ya kuaga. Aliyeniomba hanijui.

Nianze na sifa. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu ameketi nyuma ya kidirisha kisichozidi upana wa kitabu, akitutazama visogo. Sisi tulitazama filamu, yeye alitutazama sisi. Alijua nani hulia, nani husinzia, nani huja na mke wa nani. Je, kuna mhakiki hata mmoja, nikiwemo mimi niliyeandika vitabu vitatu, aliyewahi kuwasoma watazamaji kwa makini namna hiyo?

Sasa nije kwenye jambo ambalo Meneja amenisihi tangu asubuhi nisiliguse.

Alhamisi iliyopita, mzee akifungasha vitu vyake, chini ya benchi lake lilikutwa kopo la bati lenye mkanda wa filamu. Juu yake kuna maandishi ya mkono: “Mshonaji, mkanda wa saba.” Tangu siku hiyo barua yake ya utumishi mwema haijatiwa sahihi. Nilipouliza sababu, Meneja alininong’oneza: “Mali ya watu imekutwa chumbani kwake. Tunafanya uchunguzi.” Miaka thelathini na mmoja ya kazi, halafu mtu anaagwa kwa uchunguzi! Basi na mimi nikafanya wangu.

Kwa wageni ambao hamjui, Mshonaji ni filamu ya tatu ya mgeni rasmi. Mshona nguo anakutwa amekufa dukani kwake, watu watano wanashukiwa, na filamu inaisha bila kutuambia nani kamuua. Miaka ishirini na sita iliyopita tulitoka humu mchana kweupe, tukasimama ngazini tukibishana na watu tusiowajua hata kwa sura. Ubishi ule ndio chama hiki. Mshona viatu aliyeketi pale, aliyekunja uso, anasema kamuua shemeji. Mwalimu wa hesabu aliye nyuma yake anasema mjane. Mpaka leo wakisalimiana ni kwa pua.

Na ubishi wetu mkubwa kuliko wote mnaujua: mwongozaji wetu alipandaje, na aliangukaje? Katika filamu mbili za kwanza mpelelezi anaeleza kila kitu mpaka unatamani kumziba mdomo. Ya tatu ndiyo kilele. Kisha zikaja saba, na hakuna hata moja inayoisha. Moja ilikataa kutuambia hata aliyekufa ni nani!

“Alichoka,” mwalimu husema.

“Achoke na nini?” mshona viatu humjibu. “Hakuwahi kuwa na kitu. Ile ya tatu ilimponyoka tu.”

“Filamu inamponyokaje mtu, na wewe?”

“Muulize mwenyewe. Mimi nashona viatu.”

Tulimcheka miaka yote. Ndugu mshona viatu, naomba radhi mbele ya watu, na usizoee.

Ijumaa nilipanda kwa mzee. Nilimkuta anafuta mashine kwa kitambaa, kama mtu anayeogesha mtoto.

“Mzee,” nikamwambia, “ulificha huu mkanda?”

“Nifiche nini, mwanangu? Umekaa hapo mpaka kopo limeota kutu. Kila aliyefagia humu ameuona.”

“Mbona hatujawahi kuutazama?”

Akaacha kufuta. “Siku ya kwanza, onyesho la saa nane, niliweka mikanda yote saba. Walikuwa watu kumi na wanne. Katika wa saba mpelelezi anakaa, anajimiminia chai, anaeleza dakika kumi na moja. Dakika ya tatu haijaisha, nikaona watu wanainama, wanatafuta viatu vyao. Ya tano, hao, wanatoka. Basi onyesho la saa kumi nikawasha taa baada ya mkanda wa sita. Weee! Nilitukanwa mpaka marehemu bibi yangu. Lakini hakuna aliyeondoka.”

“Na mwenye filamu je?”

“Alikuja siku ya tatu. Akasimama pale ngazini akawasikiliza mnavyobishana. Halafu akapanda huku. Nikajua leo kazi imeota mbawa. Akauliza, ‘Wa saba uko wapi?’ Nikamwonyesha. Akautazama, akautazama, akasema, ‘Kaa nao.’ Basi nikakaa nao.”

“Miaka ishirini na sita, mzee, na hukusema!”

“Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa unaandika kitabu.”

Nakala ilikuwa moja tu, ndugu zangu. Ilitoka hapa ikaenda miji mingine ikiwa na mikanda sita. Na wale kumi na wanne wa saa nane? Nani hukumbuka mwisho alioukimbia?

Mnanijua kuwa mimi ni mtu wa kushuku. Namshuku hata mzee: kwa nini aliniambia mimi, katika watu wote, kama si kwa sababu anajua mdomo wangu hauna kufuli? Najishuku mwenyewe, kwa kuwa katika kitabu changu cha pili nilijaza kurasa arobaini kusifu ujasiri wa kuacha hadithi wazi, wala sikujiuliza ujasiri huo ni wa nani. Lakini zaidi ya wote nakushuku wewe, mheshimiwa. Kila gazeti lilipokuuliza kwa nini uliishia pale, ulijibu, “Namwamini mtazamaji.” Jibu tamu. Ila aliyemwamini mtazamaji alikuwa juu, kwenye dirisha, na wewe ulizipoteza filamu saba ukijaribu kufanya kwa makusudi jambo ambalo mwenzako aliliona kwa macho.

Sikuulizi ili nikuaibishe. Nakuuliza kwa sababu kuna mtu anakwenda nyumbani leo, ama mstaafu, ama mwizi, na humu ndani ni wewe tu unayeweza kusema ni lipi. Ulijua, au hukujua?

Tunangoja.

Amesimama. Kwa mlio nyuma ambao hamkusikia, amesema hivi: “Nilijua. Mimi ndiye niliyemwachia.”

Msipige makofi kwanza. Mimi hata kile kimya alichokaa kabla ya kujibu nakishuku. Kilikuwa kizuri mno. Lakini neno limetoka, na mashahidi ni ukumbi mzima. Mheshimiwa, ahsante. Lilikuwa zito, nimeona. Kopo lako hili hapa, lichukue kwa mikono miwili, kwa maana mwisho uliomo humo wote ni kazi yako na hakuna aliyekusaidia.

Ndugu Meneja, barua iko ndani ya koti lako, naiona inachungulia. Unasemaje? Ushauriane kwanza? Ushauriane na nani, na mwenye mali amesema mbele yako? Kalamu hii hapa. Hapana, hapo hapo, juu ya goti. Mwalimu, mshikie kitabu chako aandikie.

Ahsante.

Sasa usimpe mtu ampelekee. Ngazi za kwenda chumba cha mashine ni kumi na saba, nyembamba, na za kati hazina taa. Yeye amezipanda kila siku ya kazi. Wewe utazipanda mara moja.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunisikiliza, hata ninyi mliokuwa mkinitazama kwa jicho la pembeni. Ahsanteni sana. Nawaomba jambo moja la mwisho: nyamazeni kidogo, tusikie Meneja akibisha hodi huko juu.