Fundi Pindo na Chakula cha Saa Saba

Sogeeni karibu, ndugu, jamaa na majirani, nyie mlioegemea ukuta huko nyuma njooni mbele nafasi ipo, wenye simu wazizime, wenye watoto wawapakate, tunyamaze kidogo, maana maisha ya mtu wa miaka arobaini na saba yanasomwa mara moja tu na hayarudiwi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Pindo, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1976, katika chumba cha nyuma cha duka la mikate ambako baba yake alikuwa mwokaji, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba, na mama yake, huyu aliyekaa hapa mbele, anasema alitoka na njaa yake na hakuona haya kuitangaza.

Alianza darasa la kwanza Januari 1984, katika shule ya msingi iliyo nyuma ya ghala la mbao, akamaliza la saba mwaka 1990, na ukweli usemwe, hesabu zilimpiga chenga, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi, mjomba wake fundi cherehani akamchukua akamfundisha kazi, na tangu Machi 1993 akawa na meza yake barazani mkabala na posta, akipinda suruali na sare za shule kwa pindo ambalo usingeweza kuuona uzi wake, ndipo jina likamganda. Tarehe 12 Juni 1999 alifunga ndoa na msusi wa saluni ya jirani, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2001.

Sehemu inayofuata yeye mwenyewe aliagiza isirukwe. "Msinipake rangi," alisema, "watu walishaniona." Novemba 2004 aligongwa na lori, akavunjika paja, akapewa vidonge vikali vya maumivu, paja likaunga lakini hamu ya vidonge ikabaki, na vidonge vilipokatwa akahamia kwenye heroini. Ndoa ikavunjika mwaka 2007, binti akachukuliwa na dada mkubwa wa marehemu, anayeishi na mama, na vitu vya nyumba hiyo vikaanza kutoka bila kuaga, mara pasi, mara mashuka, mpaka Jumapili moja alipoibeba sufuria jikoni na wali wake ndani. "Angalau angetuachia ukoko," dada mkubwa alisema, watu wakacheka mpaka machozi, lakini tangu siku hiyo chakula chake kilipitishwa dirishani kwenye sahani ya plastiki, akala nje, wima, mlango umefungwa kwa ndani.

Tarehe 3 Septemba 2013 aliingia mwenyewe kwenye kliniki ya tiba ya uraibu, akiwa na kilo arobaini na sita, akaanza kunywa methadoni kila asubuhi mbele ya muuguzi, na ile homa ya kukosa dawa, iliyokuwa ikimkunja kama mkeka, ikamwachia. Kilichokataa kurudi ni chakula. Ulimi ulitaka sukari tu, mdomo ulikuwa mkavu, choo alikipata kwa shida kila baada ya siku nne, na mama yake, aliyefurahi kuona walau anaweka kitu mdomoni, kila Ijumaa alipanda ngazi hadi chumba chake cha ghorofa ya tatu, na sukari kilo mbili, biskuti na maziwa ya kopo, karibu miaka miwili, akijua anamponya.

Juni 2015, meno matano yakiwa yamekwenda, mshauri wa lishe wa kliniki, msichana mdogo, alimwita mama.

"Mama, nani anampelekea sukari?"

"Mimi, na sijachoka."

"Huyu anakula kama mtoto aliyeachiwa duka."

"Wewe umezaa wangapi?"

"Sijazaa, mama."

"Basi ngoja uzae."

Mama aliondoka kwa hasira, akafika bombani nje ya geti, akalia pale ndoo za watu zikijaa, na Jumatatu akarudi kuomba afundishwe upya. Akaambiwa sukari ipunguzwe pole pole, ale kidogo kidogo kwa saa zile zile, maharage, mayai, mboga za majani, matunda, maji mchana kutwa kwa sababu dawa ile hufunga tumbo, na zaidi ya yote asile peke yake, maana mtu aliyezoea kuishi bila njaa husahau kula asipokuwa na wa kumtazama.

Mama alipofikisha maneno hayo nyumbani, dada mkubwa aliuliza, "Kijiko kikipotea nimuulize nani?" Basi mama akawa anamfuata mwanawe chumbani kwake, kila siku saa saba mchana, wakala pamoja, kilo zikafika sitini na moja, akarudi mezani kwake mkabala na posta. Mwaka 2019 miguu ya mama ilipogoma ngazi, walikula kwa simu, kila mmoja kwake, mwana akiwa ameisogeza meza ukutani na kuiegemeza simu hapo.

"Mama, nimeanza."

"Una nini?"

"Maharage, mboga, yai."

"Maji?"

"Yapo."

"Tafuna, nakusikia unameza."

Tarehe 17 Oktoba 2021 dada mkubwa alimfungulia mlango, kwa mara ya kwanza tangu wali ule, akamkaribisha chakula cha mchana. Alikaa ukingoni mwa kiti, akala, akasifu, akaosha sahani yake, na alipofika mlangoni, bila kuombwa na mtu, akaigeuza mifuko yake yote nje ili waone. Hakuna aliyemwambia, "Irudishe, baba." Alialikwa tena mara nyingi, akajibu, "Siku nyingine, dada," na hakuja.

Januari 2023 tumbo lilianza kujaa maji, madaktari wakakuta ini limeharibiwa na virusi vya enzi za kuchangia sindano. Dada mkubwa alimpelekea chakula wodini kila siku, kisicho na chumvi, wakala kwa kijiko kimoja.

"Dada, hiki hakina ladha."

"Najua. Sogea, nami nile."

Alifariki tarehe 20 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa hajagusa dawa za mtaani kwa miaka tisa na miezi minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mshauri wa lishe ambaye sasa ana mapacha, mafundi wenzake wa barazani, na majirani wa ghorofa ya tatu. Tulia sasa, kitinda mimba, umefika.

Cherehani amemwachia binti yake, mkasi na futi ya kupimia ni vya mjomba, nguo ni za wenzake wa kliniki. Ufunguo wa chumba umebaki kwa dada mkubwa, ambaye hakuwahi kukikanyaga hadi jana, alipokwenda kuchukua shati la kumzikia, akakuta dengu zimechambuliwa kwenye ungo, za mtu mmoja, akawasha jiko, akazipika, akakaa kwenye kile kiti kimoja kilichokuwamo, akazila zote.