Kava ya Grenda ya Felisian Magige

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli, na asanteni kwa kufungulia redio. Leo sauti yangu ni nzito, mtanivumilia. Nimetoka msibani Butiama, pale Mwitongo, na mwili haujakaa sawa. Tunamkumbuka Felisian Magige, mkazi wa Kigera, hapa Musoma. Amefariki Jumanne kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka sitini na mitatu. Felisian Magige, wa Kigera.

Hakuwa fundi wa karakana. Alikuwa mhudumu wa maabara ya shule, na useremala aliufanyia uani kwake kila Jumamosi. Kabati la vyombo la mkewe, Jenoveva, alilitengeneza yeye. Ukitaka kununua drili, unamchukua Felisian mnakwenda naye madukani Iringo. Ataishika, ataipima uzito mkononi, ataomba ichomekwe kwenye umeme aisikilize. "Hii ni ya kutoboa mbao," atakwambia. "Ukiipeleka kwenye zege utaiunguza hata kabla ya saa sita." Muuzaji ananuna, wewe umeokoka.

Lakini kuazima mashine yake? Thubutu! Kwetu huku ndugu akiomba kitu unampa, maswali baadaye. Yeye alijibu, "Lete mbao zako hapa nikukatie." Wakamwita mchoyo. Miaka kumi na moja akajibu hivyohivyo, akawakatia watu bure mpaka mgongo ukamkataa.

Sababu ilikuwepo. Zamani alikuwa na mashine moja tu, grenda ndogo ya kukatia vyuma. Akatamani ikate na mbao. Akanunua diski ya meno, kubwa kuliko ile ya kwake. Muuzaji akamwambia, "Mzee, hiyo usiifunge kwenye grenda. Inazunguka kasi mno, itakurukia." Felisian akaitikia. Akafika nyumbani, akafungua kava, ile ngao ya bati inayokinga mkono, na diski ikaingia. Wiki mbili kazi ikaenda vizuri tu.

Kisha mdogo wake, Mihayo, akatoka Bunda kuja kuiazima. Alikuwa anaezeka nyumba yake. Ndugu ameomba, Felisian akampa. Akampa bila kava na bila kumwambia neno. Siku ya tatu diski ikanasa kwenye fundo la ubao, grenda ikaruka. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaenda.

Mihayo hakumlaumu mtu. "Ajali kazini," alisema hospitalini, basi. Hapo ndipo Felisian alipoanza kuchoka, wasikilizaji wangu. Alinunua msumeno wa umeme wa mbao, wenye kava yake, na grenda akairudisha kwenye vyuma. Lakini onyo la yule muuzaji hakumwambia mdogo wake. Kila Krismasi walikaa meza moja, Felisian macho kwenye sahani.

"Nikimwambia nilionywa, atanionaje?" alikuwa akimuuliza mkewe.

"Mwambie tu, Baba Clever."

"Kesho."

Kesho hiyo ikawa miaka kumi na moja.

Wiki ya mwisho alimwambia Jenoveva, "Mihayo anakuja Jumatano. Nitamwambia mwenyewe, nimechoka kulibeba hili. Nikishindwa, mwambie wewe." Akafa Jumanne.

Jeneza alitaka litengenezwe nyumbani kwao Butiama, kwa mbao zake za paini. Mihayo akasema kazi hiyo hapewi mtu mwingine. Mashine zikaletwa kutoka Kigera, waya ukavutwa mpaka uani. Jenoveva akamfuata pale kwenye mbao, kanga kichwani, hana hata nguvu ya kulia.

"Shemeji, kaka yako alionywa dukani. Alijua ile diski ni hatari, na akakupa."

Mihayo akachomeka penseli nyuma ya sikio.

"Shemeji, hata mimi nilikuwaga najua. Niliiona haina kava, nimeishika mwenyewe! Nikasema ngoja nimalize paa, mvua inakuja. Baada ya ajali nikaona nikilitaja nitamuongezea uchungu. We hukuona kila Krismasi mkono huu nilikuwaga nauficha chini ya meza?"

Jenoveva akajikalia juu ya rundo la mbao. "Kumbe mlikuwa wawili," akasema. "Jamani, kumbe mlikuwa wawili."

Watu wakaanza kumhimiza Mihayo, mchungaji amefika, jua linakwenda. Akauchukua msumeno wa kaka yake. Akaichunguza kava, akaipandisha, akaishusha, akaipandisha tena.

"Haraka ya nini tena?" akauliza.

Akawasha. Akakata taratibu, ubao kwa ubao, kwa vidole vile vitatu vilivyobaki, huku machozi yakidondokea kwenye unga wa mbao. Hakuna aliyemhimiza tena.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa redioni, tunampa pole Mama Clever, Jenoveva, pamoja na watoto, na Mihayo kule Bunda, na ukoo wote wa Magige. Bwana ampumzishe Felisian, maana alichoka kweli.

Na wewe unayenisikiliza, grenda yako iko uani haina kava, irudishie leo hii. Kisha kaa chini, ufikiri. Kama kuna ndugu yako umemficha neno miaka yote hii, inuka umfuate. Usimsubiri mpaka Jumatano.