Mafuta ya Breki Yanakwenda Wapi?

Benchi la kijiwe limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, na mguu wake mmoja umetegewa tofali. Anayekaa upande wa tofali sharti atulie, la sivyo kahawa za wenzake zinamwagika. Asubuhi hiyo alikaa Kapteni, fundi cherehani mstaafu, na kutulia hakukuwepo. Macho yote kwenye gari lake la bluu lililoegeshwa mbele yao, boneti wazi, gari la zamani ambalo wenzake wanasema lilistaafu kabla yake. Mafuta ya breki yanapungua, anaongeza, yanapungua tena, na chini hakuna tone. Mkewe alishasema lake: hapandi mpaka aambiwe yanakwenda wapi. Leo anakwenda kwa dada yake, na jibu lisipopatikana anapanda basi. Kapteni hajawahi kutoka nje ya mji na gari lile bila mkewe kando yake, na kila alipokifikiria kile kiti kitupu roho ilimuuma.

Kwanza lilikaguliwa boksi. Msumari, seremala wa jirani, alilivuta kutoka chini ya gari, lilikokuwa limetandazwa tangu jana lidake matone, akaligeuza huku na huku.

— Kavu, akasema. Kavu kabisa. Hapa pana mwizi.

— Mwizi wa mafuta ya breki? akauliza Kapteni.

— We bwana, mwizi hachagui! Anakuja na mpira wake, anafyonza kidogo kidogo usishtuke.

— Aache betri, aache magurudumu, afyonze kikombe cha mafuta?

— Ndiyo ujue ni mzoefu.

Profesa akakohoa. Huyu ndiye kinyozi, na jina hilo amelipata kwa kusoma kila kipande cha gazeti kabla hajakifagia pamoja na nywele.

— Mnahangaika bure, akasema. Chuma kikizeeka kinafunguka vitundu. Mafuta yanatoka kama jasho, yanapaa hewani. Huwezi kuyaona.

— Mimi nina umri mkubwa kuliko hilo gari, akasema Kapteni, na sijaanza kupaa.

— Wewe si chuma.

— Panya, akasema Birika, muuza kahawa, huku akimmiminia kila mtu. Panya wanapenda vitu vyenye utamutamu. Hamjaona panya wa mtaa huu siku hizi? Anakimbia, ghafla anasimama. Kabla ya hapo walikuwa hawasimami!

Benchi likacheka, kahawa ikamwagika, Kapteni akalaumiwa kwa tofali. Hata yeye alicheka, ingawa jicho moja lilikuwa kwenye kona ambako mkewe angetokea.

— Basi ngoja niingie nikanyage breki, akasema Msumari. Nyie angalieni magurudumu.

— Viatu! akafoka Kapteni.

Hiyo ndiyo sheria ya gari la bluu. Haliingiwi na viatu. Kapteni mwenyewe huvua mlangoni na kuendesha na soksi, kwa sababu zulia la ndani amelishona kwa mkono wake, jeusi, nene, tabaka mbili. Msumari alitazama vidole vyake vya miguu vilivyojaa gundi na vumbi la mbao, akaona aibu, akarudi kukaa. Kapteni akavua, akaingia, akakanyaga, akatoka.

— Inazama kidogo. Na siku hizi inateleza.

— Soksi mpya hizo, akasema Profesa, na hakuna aliyebisha. Kisha akainamisha kichwa, akashusha sauti. — Nitasema kitu, msinicheke. Gari hili lina wivu. Lilianza kupunguza mafuta lini? Si pale ulipoanza kuisifia ile pikipiki mpya ya mtaani?

Kapteni alitaka kumcheka. Lakini mtu akipenda kitu sana huanza kusikiliza mambo ya ajabu, naye akajikuta anahesabu kimoyomoyo ni lini aliisifia ile pikipiki.

Hapo ndipo mkewe alipotokea, mfuko wa safari begani, na mkononi soksi mbili alizozishika mbali na gauni lake.

— Shemeji, karibu, wakasema wote.

— Ahsanteni. Baba watoto, nina swali moja kisha niwahi basi. Nimezikuta kwenye kapu la nguo. Hii ya kushoto ina vumbi tu. Hii ya kulia imelowa mafuta. Juzi hivyo hivyo, na kabla ya juzi. Mguu wako wa kulia unapita wapi ambapo wa kushoto haupiti?

Msumari akamtazama Profesa. Birika akainamisha birika juu ya kikombe, na halikutoa kitu.

Kapteni alikwenda garini na viatu vyake miguuni, akapiga magoti, akang'oa kona ya zulia lake. Tabaka la chini lilikuwa chapachapa. Akapitisha kidole kwenye mkono wa pedeli ya breki kutoka juu mpaka pale anapokanyaga, na kidole kikarudi kinang'aa.

— Yanashukia humu humu ndani, akasema. Yanalifuata pedeli, zulia linayanywa. Na mimi nayabeba mguuni kwenda nyumbani!

— Mpira wa pampu ya breki, pale juu ya pedeli, umekwisha, akasema Msumari. Si nilisema tangu mwanzo?

Benchi zima likamzomea. Kapteni alibaki amepiga magoti, furaha imemjaa mpaka anaona haya kumtazama mkewe.

— Ni kipande cha mpira tu, mama watoto. Fundi anakiweka. Kesho... kama utasubiri.

Mkewe aliitazama kona ya barabara, kisha lile zulia lililonyanyuliwa. Akashusha mfuko begani, akauweka kwenye kiti cha mbele.

— Dada nitampigia simu. Ila kuanzia kesho, viatu sivui.

— Usivue, akasema Kapteni.